Tembo walikula, ng'ombe wakamalizia: kifuta jasho cha mama yangu

Kitu kikitoka shambani kwako, kikakaa siku chache nyumbani kwa wifi yako, kisha kikarudishwa shambani pale pale kilipotoka, umedanganya?

Swali hilo niliulizwa na shangazi yangu akiwa ameshika beseni la kinyesi cha tembo. Alikuwa hatanii. Alitaka jibu, na alilitaka haraka.



Wakuu, heshima kwenu nyote. Mimi ni wa kusoma na kupita humu, mara chache sana naandika. Hili lilitokea nyumbani kwetu, upande wa Bariadi unaopakana na hifadhi. Kijiji sikitaji na majina nimeyabadilisha, maana hakuna aliyenipa ruhusa ya kumwandika. Yaliyobaki ni kama nilivyoyaona. Pale ambapo sina hakika nitasema sina hakika, kwa hiyo msinibebeshe zaidi ya ninachosema.

Twende.

Nilikuwa nimemaliza chuo, sosholojia, nimerudi nyumbani "kwa muda". Wahitimu wenzangu mnaujua huo muda.

Nyumbani nilikuwa na sifa moja tu, ya kuuliza. Shangazi Kabula, dada wa marehemu baba, sengi kwa Kisukuma, aliwahi kuwaambia wageni mbele yangu, "Huyu hata ukimwambia mvua inanyesha, anatoka nje kuhakiki." Sikuona ubaya. Kwa nini nisihakiki?

Mama ni mjane. Ana shamba la mahindi na mtama, na kipande cha pamba pembeni. Ana ng'ombe wawili wa kulimia, Bosi na Diwani. Majina aliwapa baba enzi za uhai wake, na kila kampeni zilipopita kijijini watu walicheka upya mama akipita anamchapa Diwani.

Kwa msiolima kwa jembe la ng'ombe, naomba mnielewe hapa kwanza, maana uzi wote umekaa hapa.

Ng'ombe wa jembe wanafundishwa wakiwa wawili. Bosi anakaa kushoto, Diwani kulia, yule anayetembea ndani ya mfereji. Ukiuza mmoja, si kwamba unabaki na nusu ya uwezo wa kulima. Unabaki bila kitu. Unasubiri majirani wamalize mashamba yao ndipo wakulimie, na wakati huo mvua nzuri imeshapita.

Kwa hiyo mama akikosa chakula mwaka wowote, cha kuuza kipo kimoja, na ni hicho ambacho hatakiwi kukiuza.

Mwaka ule mahindi yalikuwa yameanza kubeba. Kundi la tembo likatoka hifadhini. Watu walipiga madebe, wakamulika tochi, wengine wakaimba nyimbo za sungusungu hadi sauti zikakauka. Tembo walikula wakashiba, wakaondoka kwa hiari yao.

Asubuhi shamba la mama lilikuwa limelala. Si lote. Ukingo wa upande wa zizi ulikuwa bado umesimama, lakini katikati ilikuwa kama mtu kapitisha trekta bila kujali mistari. Mtama ulikuwa umeng'olewa na mizizi. Kwenye pamba walipita tu, ila tembo akipita tu inatosha.

Kinyesi kilikuwa kila mahali, mafungu makubwa, bado yana mvuke.

Mama alisimama kwenye njia ya kuingilia, mikono kiunoni. Mwenyekiti wa kitongoji akafika, wakasalimiana mwangaluka, mwangaluka, kama asubuhi yoyote nyingine. Kisha akasema, "Pole mayu. Tukaripoti mapema, wenzako wale wa bondeni nao wameliwa."

Sasa niwaeleze hiyo kuripoti.

Mnyamapori akila mazao yako, serikali hailipi fidia. Ni muhimu kuelewa hilo, na maofisa wanalirudia kila mkutano. Inatoa kifuta jasho. Yaani hawasemi tunakurudishia ulichopoteza, wanasema tunaona umetoka jasho, jifute. Niliwahi kuuliza kwenye mkutano wa kijiji nani alikaa akachagua neno hilo, na jasho la mwaka mzima linafutwa na kitambaa cha ukubwa gani. Mwenyekiti akasema muda wa maswali umekwisha. Ulikuwa haujaanza.

Hata hivyo, kifuta jasho ni kitu. Kwa mama kilikuwa njia ya kununua mahindi ya kula bila kumgusa Diwani wala Bosi.

Utaratibu ni huu: unaripoti, afisa wa wanyamapori wa halmashauri anakuja na vyombo vyake, anakagua shamba, anathibitisha kwamba aliyeharibu ni mnyamapori, anapima eneo, anapeleka ripoti juu. Neno la kushika hapo ni anathibitisha.

Nilimwambia mama, "Msiguse kitu chochote mpaka afisa aje. Hata bua moja." Nikapiga picha kwa simu yangu, nyingi tu. Kisha nikapanda pikipiki na Mwenyekiti kwenda ofisi ya kata.

Tulikaa huko muda mrefu, maana mtu mwenye ufunguo alikuwa msibani.

Niliporudi jua lilikuwa la utosi, na shamba letu lilikuwa limejaa ng'ombe.

Si wawili wetu tu. Kundi zima la baba mdogo Masanja, mdogo wake baba. Walikuwa wanatafuna mahindi yaliyolala kwa utulivu wa watu walioalikwa. Bosi na Diwani walikuwa katikati yao. Baba mdogo mwenyewe alikuwa ameegemea fimbo yake chini ya kivuli cha mgunga.

"Baba mdogo! Nilisema pasiguswe!"

"Salimia kwanza."

"Shikamoo."

"Marahaba. Pameguswa na nani? Mimi sijagusa kitu. Nimesimama hapa tangu nifike."

"Ng'ombe wanakula ushahidi!"

Akawaangalia ng'ombe wake, akaniangalia mimi. "Wanakula mabua," akasema.

"Afisa atakuja kukagua."

"Akague. Shamba limeshavunwa, mwanangu. Aliyevuna ni tembo, lakini limevunwa. Sasa ulitaka ng'ombe wakae na njaa wanaangalia chakula kimelala chini? Kikae mpaka kioze, kwa sababu kuna mtu wa ofisini hajapata mafuta ya pikipiki?"

Wakuu, kwa wageni wa kwetu: shamba likishavunwa, mabua yanakuwa ya ng'ombe. Si ng'ombe wako tu, ng'ombe wa yeyote. Ndivyo tunavyoishi. Kumfukuzia mtu mifugo yake kutoka kwenye shamba lililokwisha ni kumwambia hamjuani. Baba mdogo hakuiba kitu. Kwa akili yake alikuwa anaokoa kilichobaki, na ng'ombe wetu aliwaleta yeye mwenyewe wapate fungu lao.

Nikamgeukia mama. Alikuwa anapembua mchicha kama hayupo.

"Mama, kwa nini umemruhusu?"

"Ningemwambia nini? Mwaka ule baba yako anaumwa, ng'ombe hao hao ndio waliotulimia." Akatupa mizizi pembeni. "Na wewe ungekuwepo ungemwambia nini?"

Sasa nilikuwepo, nilikuwa nimeshamwambia, na ng'ombe walikuwa bado wanakula.

Walipomaliza kilicholala wakasogea kwenye ule ukingo uliokuwa umesimama. Hapo baba mdogo aliwafukuza, lakini si haraka sana.

Bado nikajiambia kinyesi kipo. Ng'ombe hawali kinyesi cha tembo.

Nikaingia shambani kukitafuta. Hakikuwepo.

Kama mnavyojua, au kama hamjui, kinyesi cha tembo ni dawa. Kinachomwa, mtoto mwenye mafua au anayeshtuka usingizini anafukizwa moshi wake. Mwingine anakiloweka. Mimi sijawahi kuona utafiti wowote kuhusu hilo, na nilipowahi kuuliza shangazi Kabula kama ana ushahidi kwamba kinaponya, alinijibu, "Wewe hapo. Ulifukizwa, na bado unaongea." Siwezi kusema sampuli ya mtu mmoja inatosha, lakini sikuweza kumpinga.

Basi wanawake walikuwa wamepita asubuhi ile na mabeseni. Si kila siku tembo anakuletea dawa mpaka shambani. Shangazi Kabula, mwenye shamba kwa ukoo, alikuwa wa kwanza na alichukua fungu kubwa kuliko wote.

Usiku wa siku iliyofuata ikanyesha mvua ya nguvu. Nyayo chache zilizobaki, zimekanyagwa nusu na kwato, zikaenda nayo.

Afisa alichelewa siku kadhaa. Alikuwa kijana kutoka Tanga, kijijini walimwita Mgosi, na aliitika bila shida. Aliongea Kiswahili kizuri mpaka shangazi akawa anamsemesha makusudi ili amsikie. Alikuwa na kofia ya jua, buti, mfuko begani, na kifaa cha kupimia kilichoning'inia shingoni.

Alianza mashamba ya bondeni. Huko kulikuwa na mzee mmoja asiye na ng'ombe hata mmoja wala ndugu wa karibu mwenye ng'ombe. Shamba lake lilikuwa limelala vile vile lilivyoachwa na tembo, mashimo ya nyayo yamejaa maji ya mvua kama mabeseni. Likapimwa likaisha.

Mnaona mambo yalivyo. Asiye na ng'ombe ndiye aliyebaki na ushahidi.

Akaja kwetu. Akatembea ndani ya shamba akiinama hapa na pale. Tulimfuata nyuma, mama, shangazi, Mwenyekiti na mimi, kimya kama tunafuata padri.

Akasimama. "Mama, hapa naona kwato za ng'ombe."

"Ndiyo, baba," mama akasema.

"Na mavi ya ng'ombe."

"Ndiyo."

"Mabua yametafunwa na ng'ombe. Tembo hatafuni hivi, tembo anang'oa." Akaokota bua, akamwonyesha Mwenyekiti. "Sasa mimi nithibitishe nini?"

Nikatoa simu. Nikamwonyesha picha. Nilikuwa najivunia moja yenye unyayo wa tembo, pembeni nimeweka kandambili yangu ili ukubwa uonekane. Mbinu ya kisomi kabisa.

Akaiangalia kwa makini. "Picha nzuri, dada. Hapa ni wapi?"

"Hapa hapa."

"Nitajuaje?"

"Si hiyo kandambili yangu hii hapa mguuni?"

"Kandambili za bluu ziko Tanzania nzima, dada yangu."

Shangazi akacheka. Kwa mara ya kwanza maishani mwake alikuwa amemwona mtu ananifanyia mimi kile ninachowafanyia wengine, na hakujitahidi kuficha furaha.

Nilikasirika, lakini naomba niwe mkweli kama nilivyoahidi: kama mimi ningekuwa yeye, ningejibu hivyo hivyo. Picha ya udongo ni picha ya udongo.

Mgosi hakuwa mtu mbaya. Alisema ana mashamba mengine upande wa pili, atarudi jioni akielekea Bariadi, na kama tuna chochote cha kumwonyesha tumwonyeshe wakati huo. "Nikute kitu cha mnyamapori ndani ya shamba," alisema. "Chochote. Nisaidieni niwasaidie."

Pikipiki yake haijapotea hata mlio, shangazi akasema, "Kinyesi ninacho."

Alikwenda kwake akarudi na beseni. Kilikuwa kimekauka, na nusu alikuwa ameshaitumia. Ndipo akaniuliza swali lile nililoanza nalo.

"Wewe msomi, niambie. Hiki kilitoka wapi?"

"Shambani kwa mama."

"Kiliachwa na nani?"

"Na tembo."

"Tembo walikula mahindi ya mama yako au hawakula?"

"Walikula, sengi."

"Basi nikikirudisha, nimemdanganya nani?"

Nikaanza kusema kuna tofauti kati ya kitu kuwa cha kweli na mahali pake kuwa pa kweli. Nilijisikia mwenyewe nikiongea, nikaacha. Bosi na Diwani walikuwa wanacheua zizini. Mama alikuwa anawaangalia wao, si sisi.

"Mama, unasemaje?" nikamuuliza.

"Mimi siendi kumwaga kinyesi shambani kwangu," akasema. "Mtakachofanya ninyi sijakiona."

Shangazi alichukua hilo kuwa ruhusa. Mwenyekiti alisema ana mgeni nyumbani, akaondoka. Mimi sikwenda naye shambani na wala sikumzuia. Nilikaa kwenye kigoda nikijaribu kukumbuka kama kuna mhadhara wowote chuoni uliogusa jambo hili. Haukuwepo.

Jioni Mgosi akarudi. Shangazi alimpokea barabarani kabisa. "Karibu baba, tumepata. Kilikuwa kimejificha."

Tukaenda shambani. Mafungu matatu, yamepangwa vizuri kwa umbali uliolingana, kama mtu kapanda miche.

Mgosi alichuchumaa kwenye la kwanza. Akalichokonoa na kijiti. Akaenda la pili. Akakaa hapo muda.

"Shangazi," akasema bila kugeuka, "huyu tembo alikuwa anapika?"

"Kwa nini, baba?"

"Kinyesi chake kina majivu."



"Na jambo jingine. Mnasema tembo walikuja kwanza, ng'ombe wakafuata. Mbona kinyesi cha tembo kimekaa juu ya kwato za ng'ombe?"

Shangazi Kabula hajawahi kukosa la kusema, na hakuanza siku hiyo. "Labda alirudi kuaga," akasema.

Mgosi akacheka. Alicheka kweli, mpaka akajishika goti. Nasi tukacheka kidogo, kwa woga. Lakini alipoinuka alikuwa ameshafunga mfuko wake, na nilijua mtu akifunga mfuko maana yake ni nini.

Hapo ndipo mama alipoongea. Alikuwa amesimama nyuma muda wote, kanga ameifunga kifuani, mikono yake ina unga.

"Baba, usimkasirikie wifi yangu. Kinyesi ni cha hapa, alikichukua dawa, amekirudisha. Nikueleze ilivyokuwa?"

"Nieleze, mama."

"Tembo waliingia usiku, wakala katikati hapa pote. Asubuhi shemeji yangu akaleta ng'ombe, wakala kilicholala. Na wa kwangu walikuwemo. Halafu wakala na kile pale," akaonyesha ukingo wa upande wa zizi, "ambacho tembo walikiacha kimesimama. Hicho ni ng'ombe, si tembo. Wote wamekula kwangu. Basi waandike wote."

Shangazi alimbana mkono. Niliona. Mama akautoa mkono wake taratibu.

Mgosi alitoa kalamu. Akauliza, "Una uhakika, mama? Niandike hivyo?"

"Andika ilivyokuwa."

"Sawa," akasema. "Nimekusikia."

Akapima shamba. Akazunguka na kile kifaa mpaka giza likakaribia. Mama akampa mayai ampelekee mkewe, akakataa, akalazimishwa, akakubali. "Wabeja," akashukuru, na Kisukuma chake cha Kitanga kikamfanya hata baba mdogo acheke kutoka zizini.

Usiku ule tulikula kwa furaha, wakuu. Hata shangazi alikubali kwamba huenda imekwenda vizuri. Alisema, "Mtu aliyecheka vile hawezi kukuandikia vibaya." Mimi nilisema hiyo si hoja. Akaniambia nile.

Kisha tukasubiri.

Nilikuwa napiga simu ofisini. Jibu lilikuwa kwamba suala liko kwenye mchakato. Nimelichunguza sana neno mchakato. Ni neno ambalo halina mtu ndani yake. Huwezi kuuliza mchakato anaitwa nani au amekwenda kula saa ngapi.

Mgosi alihamishwa. Aliyefuata alisema hajakabidhiwa faili zote.

Mtama tuliopanda upya baada ya tembo ulikuja kidogo, mahindi hayakuja. Mama alianza kupika mara moja kwa siku na kusema hana njaa mchana. Nilipata kazi ya muda ya kujaza madodoso huko Maswa, nikawa natuma nilichoweza, na nilichoweza kilikuwa aibu.

Nilipokuwa huko, mama akamuuza Diwani.

Hakumpeleka mnadani mwenyewe. Alimkabidhi baba mdogo, akaingia ndani akafunga mlango mchana kweupe. Baba mdogo aliniambia kwenye simu kwamba Diwani alikwenda vizuri mpaka kwenye njia panda ya kwenda shambani. Hapo akakata kulia, kwa sababu alidhani wanakwenda kulima.

Aliniambia hivyo kisha akasema mtandao unasumbua. Haukuwa unasumbua.

Msimu uliofuata walijaribu kumfunga Bosi na dume changa la baba mdogo. Bosi anajua kushoto tu, na lile dume halikujua upande wowote. Mistari ilikwenda kama maandishi ya mtoto. Mama akaishia kusubiri watu wamalize yao, akapanda mwisho wa wote.

Malipo yakaja baada ya hapo. Yule mzee wa bondeni aliitwa, na wengine kadhaa. Alinunua mbuzi. Alikuja kumwonyesha mama, bila nia mbaya, na mama akamsifia mbuzi wake vizuri, masikio, mgongo, kila kitu.

Jina la mama halikuwemo.

Alimuuliza Mwenyekiti mara moja. "Mimi bado?"

"Bado, mayu."

Hakuuliza tena. Mimi niliuliza kila mahali, mnanijua sasa, na kila mahali nilipata mchakato.

Nyumbani kila mtu ana maelezo yake. Shangazi anasema ni yale majivu, kwamba angekuwa na muda wa kuyapepeta tungelipwa. Baba mdogo hasemi kitu, ila tangu hapo analima shamba la mama kabla ya la kwake, na ukimshukuru anakasirika. Mwenyekiti anasema ni bahati. Mama anasema mambo ya ofisi ni ya ofisi.

Sasa somo, maana najua humu hamwachi uzi upite bila somo.

La vitendo ni rahisi. Ukiliwa na wanyama, zungusha kamba shamba lako, mweke mtu mwenye sauti kubwa alinde, na omba ndugu mwenye ng'ombe awapeleke mbali hata kama atanuna. Kununa kutaisha. Picha piga ukiwa na kitu kisichohama, nyumba au mti unaojulikana, si kandambili. Na mpige picha kiongozi wa kitongoji akiwa amesimama ndani ya shamba siku hiyo hiyo.

Lile lisilo la vitendo bado sijalipata. Sipendi kusema Mungu alipanga au serikali ni mbaya, kwa sababu yote mawili yanamaliza mjadala kabla haujaanza. Naomba wenye uzoefu wa Meatu, Itilima, Busega na kwingineko mnieleze kwenu mlifanyaje. Na kama kuna mtu wa wanyamapori humu, asiogope. Sitaki kumlaumu mtu, nataka kuelewa.

Na lile swali la shangazi, jibuni pia. Mimi nimeshindwa.

Nimalizie na jambo moja nililolijua juzijuzi tu, miaka imeshapita.

Nilikuwa Dutwa nasubiri basi, nikamkuta Mgosi kwenye kibanda cha chai. Amenenepa, amehamia idara nyingine. Alinikumbuka kwa kandambili. Tukaongea, nikamuuliza moja kwa moja nini kilitokea kwa shamba la mama.

Alisema aliandika kama mama alivyomwambia, tembo na ng'ombe. Ripoti ikarudishwa kutoka juu, kwamba palipoingia mifugo mnyamapori hathibitiki. Ikaishia hapo.

Kisha akaniambia kwamba siku ile asubuhi, akiwa bondeni, alikuwa ameshaona njia ya tembo ikitoka kwa yule mzee na kupanda moja kwa moja kuelekea kwetu. Jioni ile alipofunga mfuko wake alikuwa ameshaamua. Alikuwa anakwenda kuandika tembo peke yao.

Alikuwa anashika kifaa chake aanze kupima, ndipo mama akaanza kuongea.